Shajara ya mradi: kuunganisha SolidWorks, ghala la PDM na ERP

Kazi hii ina viungo viwili. Cha kwanza ni kati ya programu ya usanifu (SolidWorks) na ghala la data za bidhaa (SOLIDWORKS PDM Professional). Cha pili ni kati ya ghala hilo na ERP, ambako ununuzi, stoo na karakana wanafanyia kazi. Maneno matatu yatajirudia humu, kwa hiyo yaeleweke mapema. Kuazima ni kuichukua faili ghalani ili kuihariri. Wengine wanaweza kuisoma lakini hawawezi kuibadilisha hadi irudishwe. Toleo ni namba inayopanda kila faili iliyobadilika inaporudishwa: 1, 2, 3, na kuendelea. Rivisheni ni herufi iliyoidhinishwa, ile inayosomwa na karakana na muuzaji. Rivisheni B inaweza kuwa toleo la 17. Anayechanganya hivi viwili huishia kupeleka karakana mchoro ambao msanifu alikuwa bado anaujaribu.

Wiki ya 1: seva, njia za faili, nafasi ya diski

Kiungo cha CAD (usanifu kwa kompyuta, hapa SolidWorks) na PDM hakihitaji kuandikiwa programu, kwa kuwa kiongezi chake (programu ndogo inayochomekwa ndani ya nyingine) kinakuja tayari na kinaonekana ndani ya SolidWorks. Kinachohitaji kazi ni kukipangia mazingira. Toleo la Standard la PDM lingekuwa rahisi kusimika, lakini linatumia SQL Server Express, ambayo hadi ile ya 2022 hairuhusu hifadhidata moja kuvuka GB 10, na halina API (njia ya programu nyingine kuiamuru) ya kuandikia viongezi. Kwa mradi wenye ERP upande wa pili, Professional ndiyo njia.

Faili zenyewe hazimo ndani ya hifadhidata. SQL Server inatunza sifa, historia, ruhusa na marejeo, yaani nani anamtumia nani. Faili ziko kwenye diski ya seva ya kumbukumbu, zimetawanywa katika folda 16 kuanzia 0 hadi F. Kila faili ina folda yake yenye namba ya heksadesimali, na ndani yake matoleo yamepangwa kama 00000001.sldprt, 00000002.sldprt. Kila toleo ni faili nzima, si tofauti peke yake. Asembli (modeli ya vipande vilivyounganishwa) ya MB 80 iliyorudishwa ikiwa na mabadiliko mara 25 inakula GB 2. Kwa hiyo hesabu ya diski ilifanywa kwa idadi ya kurudisha, wala si kwa idadi ya faili zilizopo leo, na wasanifu wakaombwa waache kurudisha faili kila baada ya kubadilisha rediasi ya kona moja.

Bandari zilizofunguliwa kwenye ngome ya mtandao ni 1433 ya SQL Server na 3030 ya seva ya kumbukumbu. Folda ya kumbukumbu iliondolewa kwenye ukaguzi wa papo kwa papo wa programu ya kuzuia virusi, maana ukaguzi huo hushika faili kwa sekunde kadhaa katikati ya kurudisha, na msanifu anaona kosa lisiloeleweka.

Mwonekano wa ghala kwenye kila kompyuta umewekwa C:\Ghala, bila tofauti. Kuna sababu mbili. Modeli ya asembli inakumbuka vipande vyake kwa njia ya faili, na njia zinazotofautiana kati ya kompyuta zinaifanya SolidWorks itafute kipande mahali pasipo pake na wakati mwingine iokote kingine chenye jina hilohilo. Pili, Windows kwa kawaida ina kikomo cha herufi 260 kwa njia nzima. Folda za zamani zilizoitwa kwa sentensi ("Michoro ya mwisho iliyorekebishwa baada ya kikao") zilikuwa zimeshakaribia kikomo hicho kabla hata jina la faili halijaongezwa.

Wiki ya 2: nani anaandika nini

Hii ndiyo wiki iliyoamua hatima ya mradi, na haikuwa na mstari hata mmoja wa programu. Liliandaliwa jedwali la kila uga unaovuka mpaka, na mbele ya kila uga likaandikwa jina la mfumo mmoja tu wenye haki ya kuuandika. Mifumo mingine inasoma.

Maelezo, malighafi na uzito vinaandikwa upande wa CAD. Namba ya kipande inatolewa na kizalishaji cha namba cha PDM. Rivisheni inaandikwa na mpito wa mtiririko wa kazi (hatua inayoihamisha faili kutoka hali moja hadi nyingine) peke yake. Mkono wa binadamu hauigusi, hata wa msimamizi. Bei, muuzaji, muda wa kusubiri na kiasi kilichopo stoo ni mali ya ERP. Ubishi ulikuwa kwenye kipimio (kipande, mita, kilo). Msanifu anadhani ni chake, mtu wa ununuzi anadhani ni chake. Kikapewa ERP, na PDM inakisoma na kukionyesha kwenye kadi (fomu ya sifa za faili) kikiwa kimefungwa.

Uga wenye waandishi wawili hauleti kosa siku ya kwanza. Unaleta kosa siku ambayo wote wawili wameandika ndani ya saa moja, na kila mfumo unaona wenzake wamekosea.

Namba ya kipande: kulikuwa na pendekezo la namba "yenye akili", ambapo tarakimu mbili za mwanzo zinaonyesha aina, mbili zinazofuata malighafi, na kadhalika. Lilikataliwa. Malighafi ikibadilika, namba inakuwa mwongo, na kuibadilisha ni kuvunja marejeo kote. Ikachaguliwa herufi P na tarakimu sita za mfululizo, mfano P104417. Herufi ya mbele haiko pale kwa urembo. Namba inayoanza na sifuri ikipita kwenye jedwali la hesabu inapoteza sifuri zake: 004417 inageuka 4417. Na namba yenye E katikati, kama 12E45, jedwali linaisoma kuwa 12 mara 10 kwa kipeo cha 45. P mbele inazuia yote mawili. E haitumiki popote ndani ya namba.

Urefu wa nyuga ulipimwa kwa upande ulio mfupi zaidi. Katika SAP, moja ya mifumo ya ERP, kwa mfano, maelezo mafupi ya bidhaa yana herufi 40, na namba ya bidhaa ilikuwa na herufi 18 kabla ya S/4HANA, kizazi chake kipya, kuipanua hadi 40. Kadi ya PDM iliwekewa kikomo cha 40 kwenye maelezo tangu mwanzo. Kukata maelezo yakiwa njiani ni kosa baya kuliko kuyakataa, maana "Kifuniko cha beringi upande wa kulia" na "Kifuniko cha beringi upande wa kushoto" vikikatwa mapema vinakuwa kitu kimoja.

Rivisheni ni herufi, na zinarukwa I, O, Q, S, X na Z kama ASME Y14.35, kiwango cha Marekani cha rivisheni za michoro, inavyotaka. I na O zinafanana na 1 na 0. Mtu aliyewahi kusoma mchoro uliopakwa mafuta ya mashine anaelewa. Baada ya Y inafuata AA.

Wiki ya 3 na ya 4: kusafisha kabla ya kuingiza

Folda za zamani hazikuingizwa kama zilivyo. Kwanza zilisomwa na programu ndogo inayotumia Document Manager API, ambayo inasoma sifa na marejeo ya faili bila kufungua SolidWorks. Inahitaji ufunguo wa leseni, lakini inamaliza kwa dakika kile ambacho kufungua faili mojamoja kungekula siku. Kwa kila faili zilitolewa jina, njia, tarehe ya kuhifadhiwa, toleo la SolidWorks lililoihifadhi, na orodha ya marejeo yake.

Tatizo kubwa lilikuwa majina yanayojirudia. Ghala limewekwa likatae faili mbili zenye jina moja popote zilipo, na folda za zamani zilijaa "bracket.sldprt" na "Part1.sldprt". Swali ni kama hizo mbili ni kitu kimoja au ni vitu viwili. Jaribio la kwanza lilikuwa kulinganisha SHA-256 (alama inayokokotolewa kutoka yaliyomo ndani ya faili). Zikilingana, ni faili ileile na hakuna mjadala. Zisipolingana, hakuna kilichothibitishwa, kwa kuwa kufungua na kuhifadhi tu kunabadilisha yaliyomo ndani ya faili hata kama umbo halijaguswa. Hatua ya pili ikawa kulinganisha ujazo, eneo la nje na kitovu cha uzito. Vikikubaliana vyote vitatu, jozi inapelekwa kwa msanifu aikague kwa macho. Kitovu cha uzito ni lazima kiwemo, maana kipande cha kulia na cha kushoto vina ujazo na eneo sawa kabisa, na bila kitovu programu ingeviunganisha kwa furaha. Hata hivyo kitovu nacho kinadanganya ikiwa kipande kilichorwa kwa ulinganifu kuzunguka orijini. Ndiyo maana jicho la mtu halikuondolewa.

Kubadilisha majina kulifanywa kwa Pack and Go (zana ya SolidWorks inayonakili faili pamoja na marejeo yake) na kamwe si kwa Windows Explorer nje ya ghala. Jina likibadilishwa nje, kipande kinajua jina lake jipya lakini asembli bado inaita la zamani.

Vipande pepe, vile vilivyohifadhiwa ndani ya asembli na vyenye alama ya ^ kwenye jina, vilistahili wiki yao wenyewe. Vinaonekana kwenye orodha ya vifaa, vina uzito, lakini si faili. Havina kadi, havipati namba, haviwezi kuidhinishwa. Kila kimoja kilitolewa nje kuwa faili halisi au kikafutwa.

Bolti na nati za Toolbox (maktaba ya SolidWorks ya vipande sanifu) zilihamishiwa folda moja ndani ya ghala, zisomwe na wote na ziandikwe na mtu mmoja. Faili moja ya bolti inabeba konfigurasheni (lahaja za modeli moja) nyingi, na kila saizi ni bidhaa tofauti kwa ERP. Hapa kuna mtego: kila konfigurasheni ina mpangilio unaoamua orodha ya vifaa itumie jina gani, la faili, la konfigurasheni au lililoandikwa na mtumiaji. Ukiachwa kwenye jina la faili, M8×25 na M8×60 zinakuwa mstari mmoja. Mpangilio ulibadilishwa kwa zote kuwa jina lililoandikwa, likibeba namba ya P.

Kisha faili zote zikageuzwa kuwa za toleo moja la SolidWorks kabla ya kuingia. Zikiingia zikiwa za miaka tofauti, kila anayezifungua anaombwa kuzihifadhi upya, na historia inajaa matoleo ambayo hayana badiliko lolote la usanifu.

Mpangilio wa kuingiza ni kutoka chini kwenda juu: vipande, asembli ndogo, asembli kuu, michoro mwishoni. Ukigeuza, asembli inaingia ikiwa haijui watoto wake, na kidirisha cha "inatumika wapi" kinabaki tupu hadi irudishwe tena.

Wiki ya 5: kadi na sifa

Kadi ya data ya PDM na sifa za faili za SolidWorks zinaunganishwa kwa jina la sifa, na jina likitofautiana kwa herufi moja hakuna kosa linaloonyeshwa. Uga unakaa mtupu tu.

Sifa zinakaa sehemu mbili ndani ya faili: za faili nzima na za kila konfigurasheni. Kadi inaziona kama kichupo chenye alama ya @ na vichupo vyenye majina ya konfigurasheni. Kiolezo cha zamani kiliandika malighafi kwenye faili nzima, kipya kinaandika kwenye konfigurasheni, na orodha ya vifaa inasoma konfigurasheni kwanza. Matokeo ni kadi inayosema shaba na orodha inayosema chuma, vyote kwenye faili moja. Suluhisho lilikuwa kuhamisha sifa zote kwenye konfigurasheni kwa programu, kisha kufuta zile za faili nzima isipokuwa namba ya mradi.

Kwenye kichwa cha mchoro, $PRP inasoma sifa ya mchoro wenyewe na $PRPSHEET inasoma sifa ya modeli iliyomo kwenye ukurasa. Rivisheni ya mchoro inatoka kwenye $PRP. Maelezo, malighafi na uzito zinatoka kwenye $PRPSHEET. Violezo viwili vilikuwa na kinyume chake, na hilo linaonekana tu pale mchoro na modeli vinapokuwa na rivisheni tofauti.

Uzito ulileta makosa matatu tofauti, yote yakiwa na dalili moja: namba isiyoaminika.

La kwanza ni malighafi isiyochaguliwa. SolidWorks hapo inatumia densiti ya kilo 1000 kwa mita ya ujazo, ambayo ni ya maji. Bamba la chuma la mm 200 × 100 × 10 lina ujazo wa mita 0.0002 za ujazo. Kwa densiti ya 7850 lina uzito wa kilo 1.57, lakini bila malighafi linasomeka kilo 0.2. Kikawekwa kizuizi: kipande chenye densiti ya 1000 kamili hakivuki kwenda kukaguliwa.

La pili ni vipimio. API ya SolidWorks inarudisha urefu kwa mita na uzito kwa kilo, bila kujali faili imewekwa milimita, inchi au gramu. Sifa iliyounganishwa ya uzito, kinyume chake, inafuata vipimio na desimali za faili. Programu moja ilisoma huku, nyingine kule. Sasa wote wanasoma API, na kipande kidogo hakiandikwi tena 0.00 kwa sababu tu faili ina desimali mbili.

La tatu ni alama ya desimali. Kompyuta iliyopangwa kwa nchi inayotumia mkato iliandika 1,57. Mpokeaji akauondoa mkato kwa kudhani ni kitenganishi cha maelfu, ikawa 157. Tangu hapo namba zinaandikwa kwa nukta daima, na programu haiulizi Windows inapendelea nini.

Wiki ya 6: mtiririko wa kazi na rivisheni

Hali ni nne: Kazini, Kukaguliwa, Imeidhinishwa, Kubadilishwa. Asembli haiwezi kuidhinishwa ikiwa mtoto wake hata mmoja bado yuko Kazini.

Tatizo lililochukua siku nyingi ni hili. Mpito wa kuidhinisha unaandika herufi ya rivisheni ndani ya faili, na kuandika huko kunazalisha toleo jipya la faili. Kipande kilikuwa toleo la 8, sasa ni la 9. Mchoro wake ulirudishwa ukirejelea la 8. Ghala halikosei linapoonyesha onyo kwamba mchoro unarejelea toleo lililopitwa, linasema ukweli. Lakini kila kitu kilichoidhinishwa kikiwa na onyo, watu wanazoea kulipuuza, na siku onyo linapokuwa la kweli hakuna anayelitazama.

Njia iliyofuatwa: jina la mwidhinishaji, tarehe ya kuidhinisha na hali vinabaki kwenye hifadhidata tu, haviandikwi ndani ya modeli. Rivisheni peke yake ndiyo inaandikwa, na herufi inayofuata inawekwa mapema, faili inapoingia Kubadilishwa, si inapoidhinishwa. Kwa hiyo msanifu anapofungua, kuhifadhi na kurudisha mchoro kwa mara ya mwisho, herufi tayari ipo na marejeo yanakutana. Mpito wa kuidhinisha haugusi faili.

Mabadiliko hayohayo yaliponya PDF. Kazi ya kutengeneza PDF inaendeshwa kwenye kompyuta iliyotengwa yenye leseni ya SolidWorks, nayo ilikuwa inaanza mara tu mpito unapopita. Wakati mwingine ilifungua mchoro kabla rivisheni haijaandikwa, ikatoa PDF safi kabisa yenye herufi ya zamani. Kuongeza ucheleweshaji wa sekunde 60 kulipunguza tatizo bila kuliondoa, kwa sababu foleni ndefu haijali sekunde. Herufi ilipoanza kuandikwa mapema, ucheleweshaji ukaondolewa.

Kazi hiyohiyo inatoa DXF (mchoro bapa) kwa vipande vya bamba na STEP AP242 (modeli inayosomwa na programu tofauti za CAD) kwa wanaohitaji modeli. AP242, iliyotolewa mara ya kwanza 2014, inachukua nafasi ya AP203 na AP214. Muuzaji mwenye programu ya zamani bado anaweza kuomba AP214, na anapewa.

Wiki ya 7 na ya 8: orodha ya vifaa kuelekea ERP

PDM inaweza kutoa XML (faili ya maandishi yenye data iliyopangwa) yenyewe katika mpito kwa kutumia kanuni za kusafirisha. Hilo linatosha kwa sifa na muundo. Kiungo kinachofuata, kinachosoma XML na kuita huduma za ERP, kiliandikwa kama huduma ya Windows inayojitegemea. Haikuwekwa ndani ya kiongezi cha PDM kwa makusudi: kiongezi kinaendeshwa kwenye kompyuta ya msanifu, na mtu akifunga kompyuta yake saa kumi na moja jioni, ujumbe unakufa katikati.

Idadi zilijaribiwa kwa giaboksi moja ndogo. Kifuniko cha beringi ni asembli ndogo inayotumika mara 2, kila kimoja kina bolti 6 za M8×25. Kifuniko cha juu kina 10. Jumla ni 22. Programu ya kwanza ilitoa 16, kwa kuwa ilijumlisha mistari bila kuzidisha na idadi ya mzazi. Kosa la aina hii halionekani kwenye mashine ambayo kila asembli ndogo inatumika mara moja, kwa hiyo usijaribu na mashine ya namna hiyo.

Vipande vilivyozimwa havihesabiwi, na vilivyotiwa alama ya kutoingia kwenye orodha navyo havihesabiwi. Lakini alama hiyo hutumika vibaya: msanifu anaiweka kwenye bolti ili jedwali la mchoro liwe fupi, na ununuzi haununui bolti. Ripoti ya kila usiku sasa inaorodhesha kila kipande chenye namba ya P kilichotiwa alama hiyo.

Kuna vitu visivyo na umbo: grisi, gundi, rangi. Kila kimoja kimepewa faili tupu yenye kadi, na kiasi kinaandikwa kwa mkono kwenye orodha ya vifaa. Wengine huvichora kama kijimche kidogo pembeni ya asembli ili vihesabike. Kijimche hicho kinaharibu kitovu cha uzito, na hatimaye mtu anauliza mbona hakishiki popote.

Mabomba ya kuchomelea yanahitaji kugeuzwa. Modeli inasema vipande 4 vya mm 850. Stoo inahesabu mita. Ujumbe lazima ubebe mita 3.4 pamoja na kipimio, na urefu wa kila kipande ubaki kwenye karatasi ya kukatia. Upotevu wa msumeno hauingii kwenye orodha ya usanifu. Unaongezwa na ERP, kwa sababu anayejua upana wa msumeno ni karakana.

Orodha ya usanifu haikulazimishwa kuwa orodha ya uzalishaji. Karakana inapanga kwa mfuatano wa kuunganisha, msanifu anapanga kwa kazi ya kila sehemu. Kumlazimisha mmoja atumie mpangilio wa mwenzake ni kumfanya aandike ya kwake pembeni. PDM inatuma ya usanifu, ERP inajenga ya uzalishaji juu yake, na kila rivisheni mpya inatoa ripoti ya tofauti badala ya kufuta iliyopo.

Kila ujumbe una ufunguo wa namba, rivisheni na toleo, mfano P104417/C/17. ERP ikipokea ufunguo ambao ilishaupokea, inajibu "tayari" bila kuandika chochote. Bila hilo, mtandao ukikatika baada ya ERP kuandika lakini kabla ya jibu kufika, kutuma tena kunazalisha bidhaa mara mbili. Bidhaa zinatangulia, orodha zinafuata, watoto kabla ya wazazi. Mtoto mmoja akikataliwa, mzazi anasubiri mzima. Nusu ya orodha haitumwi kamwe.

Makosa yamegawanywa mawili. La muda, kama bidhaa iliyofungwa kwa sababu mtu ameifungua kwenye ERP, linajaribiwa tena baada ya dakika 1, 5 na 15. La kudumu, kama kipimio kinachokosekana, halijaribiwi tena. Linaenda kwenye orodha ya msimamizi likiwa na namba ya kipande na sababu kwa lugha ya kawaida. Mwanzoni yote yalijaribiwa bila kikomo, na kipande kimoja kisicho na kipimio kikaziba foleni usiku kucha.

Herufi Ø, ± na ° zilifika zikiwa alama za kuuliza. XML ilikuwa UTF-8 (usimbaji wa herufi wa kawaida) na imesema hivyo kichwani, ila hatua moja ya katikati iliisoma kwa usimbaji chaguomsingi wa Windows. Jaribio la kudumu limewekwa: bidhaa ya majaribio yenye herufi hizo tatu inatumwa kila baada ya kusasisha chochote.

Akaunti ya huduma inakalia leseni moja ya PDM muda wote. Ihesabiwe kwenye bajeti ya leseni mapema.

Wiki ya 9: nakala rudufu na mazoezi ya kurejesha

Hifadhidata na kumbukumbu ya faili ni jozi. Nakala ya hifadhidata inachukuliwa kwanza, kumbukumbu baadaye. Kumbukumbu ikiwa mbele kidogo, kuna matoleo ya ziada ambayo hifadhidata haiyajui, na hayamsumbui mtu. Hifadhidata ikiwa mbele, inaonyesha matoleo ambayo faili zake hazipo, na msanifu anapata kosa akiomba rivisheni iliyoidhinishwa jana.

Vinavyohifadhiwa ni hifadhidata ya ghala, hifadhidata kuu ya PDM iitwayo ConisioMasterDb, folda ya kumbukumbu, na faili ya Backup.dat yenye mipangilio ya seva ya kumbukumbu. ConisioMasterDb ndiyo inayosahaulika, kwa kuwa ni ndogo na jina lake halifanani na la ghala.

Zoezi la kurejesha lilifanywa kwenye seva tofauti iliyokatwa kabisa na mtandao wa ERP. Ghala lililorejeshwa linaamka likiwa na mipangilio yote ya ghala hai, pamoja na anwani ya ERP hai, na mpito wa kwanza wa majaribio ungetuma data za majaribio kwenye ununuzi wa kweli. Anwani sasa iko kwenye faili ya mipangilio ya huduma, nje ya ghala, na huduma inakataa kuwaka kama jina la seva halilingani na lililoandikwa humo.

Faili zilizoazimwa hazimo kwenye nakala rudufu yoyote. Mabadiliko yake yapo kwenye diski ya kompyuta ya msanifu tu hadi zirudishwe. Ripoti ya kila Ijumaa inaonyesha faili zilizoazimwa kwa zaidi ya siku 5.

Wiki ya 10: kuhamia

Folda za zamani ziligeuzwa kuwa za kusoma tu kabla ya kuingiza mkupuo wa mwisho, si baada yake. Mkupuo uliingizwa, vikafunguliwa asembli kuu tatu na michoro yake kwenye kompyuta mbili ambazo hazikuwahi kuona folda za zamani. Kompyuta yenye folda hizo haifai kwa jaribio hili: SolidWorks inaweza kukikuta kipande kwenye njia ya zamani na kila kitu kikaonekana kizima.

Asembli moja ilifunguka ikikosa sili ya shafti. Sili ilikuwepo ghalani. Rejea yake ilielekea kwenye diski ya mtandao yenye herufi ya kiendeshi ambayo programu ya kusoma marejeo ilikuwa imeiruka. Orodha ya marejeo ikachujwa upya kwa kanuni moja: njia yoyote isiyoanza na C:\Ghala ni kosa. Zikapatikana nyingine, nyingi zikiwa ni picha za nembo kwenye violezo vya mchoro.

Yaliyobaki wazi: michoro ya umeme bado iko nje ya ghala na namba zake hazina P, jedwali la nyuga halina mstari wa matibabu ya joto, na wahusika wawili wanaudai, ripoti ya tofauti za orodha inaonyesha mabadiliko ya idadi lakini bado haionyeshi bolti iliyobadilishwa urefu ndani ya konfigurasheni ileile.